Lewandowski akiwapiga tano Wolfsburg, mwenye timu alikuwa anazama na kompyuta yake

SEPTEMBA 22, 2015 mashabiki wa Bundesliga wanaikumbuka kwa jambo moja. Bayern Munich wako nyumbani, Allianz Arena, nyuma bao 1-0. Daniel Caligiuri wa Wolfsburg ameshawafunga. Kipindi cha pili kinaanza, Pep Guardiola anamtoa Thiago, anamwingiza Robert Lewandowski. Dakika ya 51, bao. Ya 52, bao. Ya 55, ya 57, kisha ya 60, lile la kuruka hewani na kupiga voli. Mabao matano ndani ya dakika tisa. Kamera ikamnasa Guardiola kashika kichwa, haamini anachokiona. Mechi ikaisha 5-1.

Sasa iko hivi. Siku hiyo hiyo, kabla mechi haijaanza, kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetoa taarifa kwamba magari yake takribani milioni 11 duniani yana programu ya kompyuta iliyozua utata kwenye vipimo vya moshi, na kwamba imetenga Euro bilioni 6.5 za kuanzia. Kesho yake, Septemba 23, bosi mkuu Martin Winterkorn akajiuzulu.

Volkswagen ndiyo wenye timu ya Wolfsburg. Siyo wadhamini wa kwenye jezi, ni wenye timu kwa asilimia 100. Na ukitazama upande wa pili wa uwanja usiku ule, Bayern nao wana hisa zinazomilikiwa na Audi, asilimia 8.33, na Audi ni mali ya Volkswagen. Winterkorn mwenyewe alikuwa mjumbe wa bodi ya usimamizi ya Bayern. Kwa hiyo mkwanja uleule ulikuwa umevaa jezi mbili.

Miaka 10 imeshapita na stori ya mabao matano imesimuliwa sana. Stori ya pili, ya kisanduku cha kompyuta kilichodanganya nchi nzima, haijasimuliwa sana kwenye kurasa za michezo. Na bila kuielewa huwezi kuelewa kilichoipata Wolfsburg baadaye, wala kinachoendelea sasa hivi Ujerumani kuhusu timu za viwanda.

GARI LINAVYOONGEA

Zamani gari lilikuwa rahisi. Taa ina waya wake, pampu ina waya wake, honi ina waya wake. Kadri vifaa vya umeme vilivyoongezeka, waya nazo zikaongezeka, mpaka gari likawa limebeba mzigo wa shaba kama tumbo la friji bovu. Mwaka 1983 wahandisi wa kampuni ya Bosch, Ujerumani, wakaanza kutafuta njia ya kupunguza hilo balaa. Mwaka 1986 wakaionyesha kazi yao Detroit, Marekani. Wakauita mtandao huo CAN.

Wazo lenyewe ni la kimpira kabisa. Waya mbili tu zilizosokotwa pamoja zinapita ndani ya gari, na kila kontroli boksi inaning'inia hapo: ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani, ya dashibodi. Boksi moja ikitaka kusema kitu haimtumii mtu fulani ujumbe wa siri. Inapaza sauti, wote wanasikia, anayehusika anachukua. Ni kama kipa anayetoka golini na kupiga kelele kwamba mpira ni wake. Hajamwita beki kwa jina, ila kila beki anajua afanye nini.

Na wawili wakipaza sauti kwa wakati mmoja? Hapo ndipo jamaa wa Bosch walipoonyesha akili. Kila ujumbe unaanza na namba. Namba ndogo ina uzito kuliko namba kubwa. Zikigongana, yule mwenye namba kubwa anagundua mwenyewe kwamba kuna mkubwa anaongea, ananyamaza, anasubiri. Hakuna ujumbe unaopotea. Ndiyo maana ujumbe wa breki hauwezi kukwama eti kwa sababu abiria wa nyuma anafungua dirisha. Laiti marefa wetu wangekuwa na mpangilio huo wachezaji wanapomzunguka wote kwa pamoja.

Mwisho wa waya hizo, kila upande, panakaa kizuizi cha umeme cha omu 120. Fundi umeme mzuri akishuku mtandao umekufa, anazima gari, anaweka mita yake kati ya waya mbili. Akisoma omu 60, ncha zote mbili ziko sawa. Akisoma 120, anajua kuna upande mmoja umekatika. Hahitaji hata kompyuta.

Sasa, kwa kuwa kila boksi inasikia kila kitu, boksi ya injini inaweza kujua mambo mengi ambayo kwa kawaida hayaihusu. Inajua usukani umekatwa nyuzi ngapi, kwa sababu mfumo wa kuzuia gari kuteleza unahitaji taarifa hiyo na inapita kwenye waya zilezile. Inajua mwendo. Inajua injini imewaka kwa muda gani. Shika hapo.

TAA YA INJINI

Kuna kitu cha pili. California ilikuwa imechoshwa na moshi wa magari uliokuwa unafunika anga la Los Angeles, na mamlaka yake ya hewa ikaamua kwamba gari lenyewe liwe mlinzi wa moshi wake. Magari ya kuanzia mwaka 1988 yakaanza kutakiwa kujikagua. Kufikia 1996, kila gari dogo jipya Marekani lilitakiwa kuwa na mfumo mmoja unaofanana, OBD-II, wenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Ulaya wakafuata, magari ya petroli mwaka 2001, ya dizeli miaka michache baadaye.

Soketi hiyo ndiyo ile fundi anayochomeka mashine ya kupimia. Kinachotoka ni herufi na namba. P ni injini na gia. C ni chesisi, mambo ya breki na usukani. B ni bodi. U ni mtandao wenyewe, yaani kuna boksi haisikiki. Ukiona P0420, kisafisha moshi kimechoka. Ukiona U0100, boksi ya injini imekata mawasiliano na wenzake, na hapo usiwe na haraka ya kununua boksi mpya kabla hujaangalia waya na plagi.

Magari yetu mengi ya mitumba yana soketi hiyo, na kila mtu mjini anajua ule mchezo wa kufuta. Taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, anafuta namba za hitilafu, taa inazima, gari linauzwa. Mnunuzi anafurahi kwa siku tatu. Wengi hawajui kwamba ukifuta namba, unafuta pia kumbukumbu ya ukaguzi ambao gari limejifanyia. Mashine nzuri ina ukurasa unaoonyesha ni vipimo vipi vimekamilika. Ukikuta karibu vyote havijakamilika kwenye gari ambalo muuzaji anadai analiendesha kila siku, muulize vizuri. Aidha betri ilitolewa juzi, au mtu ameifuta.

Lengo la taa ile tangu mwanzo lilikuwa moshi. Kitu kikiharibika na gari likaanza kuchafua hewa kupita kiwango, taa inatakiwa kuwaka. Lakini anayeiwasha taa ni nani? Ni ile ile boksi ya injini. Hapo ndipo Volkswagen walipopitia.

MTIHANI ULIOKUWA UNAJULIKANA

Magari hayapimwi moshi barabarani, au tuseme hayakuwa yanapimwa hivyo. Yalipimwa ndani, juu ya rola. Matairi yanazunguka, gari halisogei. Dereva anafuata ratiba ya mwendo inayojulikana sekunde kwa sekunde: hapa ongeza, hapa punguza, hapa simama. Ratiba hiyo ni ya wazi, kila kampuni inayo. Ni mtihani ambao maswali yake yako ukutani.

Kwa mujibu wa barua ya Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, ya Septemba 18, 2015, programu ya Volkswagen iliangalia usukani, mwendo, muda ambao injini imewaka na mgandamizo wa hewa. Kama mwendo unafuata ratiba ya mtihani na usukani hauguswi, boksi ilijua iko kwenye rola. Ikawasha mpango safi wa kuchoma mafuta. Ukitoka barabarani na kukata kona ya kwanza, mpango ukabadilika. Gesi za oksidi za nitrojeni, zile zinazowasha mapafu, zikapanda mara 10 hadi 40 ya kiwango kinachoruhusiwa, kutegemea gari na safari.

Na taa ya injini? Kimya. Kwa hesabu za kompyuta hakuna kilichoharibika. Kila kifaa kilikuwa kinafanya alichoambiwa na programu. Ni sawa na refa wa VAR anayelipwa na timu mwenyeji: vifaa vipo, kamera zipo, mwongozo upo, na bado penalti haionekani.

Waliowashika hawakutumia soketi ya gari. Hilo ndilo linanivutia zaidi katika kisa hiki chote. Kikundi kidogo cha Chuo Kikuu cha West Virginia, chini ya Daniel Carder, kilifunga vifaa vya kupima nyuma ya gari, kikaunganisha kwenye bomba la moshi na kuingia barabarani California. Passat moja wakaiendesha kutoka Los Angeles mpaka Seattle na kurudi. Walikuwa na magari matatu. Volkswagen mbili zikafeli vibaya, BMW ikafaulu. Ripoti ikatoka Mei 2014. Volkswagen wakazunguka zaidi ya mwaka mzima, wakatoa visingizio vya kiufundi, wakaita magari kurekebishwa, California wakapima tena, namba zikagoma kushuka. Septemba 3, 2015 wakakubali.

Baadaye ndipo wataalamu walipoingia ndani ya boksi lenyewe. Desemba 2015 Felix Domke, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha mkutanoni Hamburg alichokuta kwenye gari lake mwenyewe la Volkswagen baada ya kusoma programu yake na kurekodi data zake. Mwaka 2017 watafiti wa San Diego na wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, wakachapisha uchambuzi wa programu za injini zaidi ya 900. Ndiyo, Bochum ile ya VfL Bochum. Timu ndogo imetoa watu wakubwa.

BILI ILIPOFIKA WOLFSBURG

Wolfsburg ni mji uliozaliwa na kiwanda. Ulianzishwa 1938 kwa ajili ya gari la Volkswagen, na klabu ikaanzishwa 1945 baada ya vita. Uwanja unaitwa Volkswagen Arena. Ukimwondoa mwenye kiwanda, hauna mji, hauna timu.

Msimu uliotangulia kashfa ulikuwa mtamu. Walimaliza wa pili nyuma ya Bayern, wakachukua Kombe la Ujerumani kwa kuipiga Borussia Dortmund 3-1, na Agosti 1, 2015 wakaifunga Bayern kwa penalti kwenye Super Cup. Mwishoni mwa Agosti wakamuuza Kevin De Bruyne kwenda Manchester City kwa pesa ndefu, takribani Euro milioni 75, na papo hapo wakamleta Julian Draxler kutoka Schalke. Ilikuwa klabu inayopanda ngazi.

Wiki tatu baadaye ikawa klabu ya kampuni inayotafutwa na waendesha mashtaka.

Msimu huo ulikuwa na usiku mmoja wa maajabu, Aprili 2016, walipoichapa Real Madrid 2-0 robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wiki moja baadaye Cristiano Ronaldo akapiga hat-trick, kazi ikaisha. Kwenye ligi wakamaliza wa nane. Msimu uliofuata Draxler akaondoka kwenda PSG, na wao wakashika nafasi ya 16, wakanusurika kwa mechi za mchujo dhidi ya Braunschweig, majirani zao. Mwaka 2018 tena nafasi ya 16, tena mchujo, safari hii dhidi ya Holstein Kiel.

Sitaki kusema kila pasi iliyopotea Wolfsburg ilipotea kwa sababu ya dizeli. Kumuuza De Bruyne kulifanyika kabla barua ya EPA haijatoka, na usajili wa hovyo unafanyika hata kwenye klabu zenye matajiri wasio na kesi. Lakini kampuni ambayo kashfa hiyo imeigharimu zaidi ya Euro bilioni 30 kwa faini, fidia na matengenezo haiwezi kumwambia mfanyakazi wa kiwandani afunge mkanda, halafu kesho yake inunue winga wa Euro milioni 40. Mji mdogo ule, mfanyakazi na shabiki ni mtu mmoja.

Mahakamani mambo yamekwenda polepole. Rupert Stadler, bosi wa Audi ambaye naye alikaa kwenye bodi ya Bayern, alikamatwa Juni 18, 2018, siku moja baada ya Ujerumani kupigwa na Mexico kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 2023, baada ya kukiri, alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na miezi tisa pamoja na faini ya Euro milioni 1.1. Mei 2025 mahakama ya Braunschweig iliwatia hatiani mameneja wanne wa zamani wa Volkswagen, wawili kati yao wakahukumiwa kwenda jela. Kesi ya Winterkorn ilianza Septemba 2024 na kusimama kwa sababu ya afya yake. Yeye amekana mashtaka.

KWA NINI SASA

Kuna watu watasema haya ni mambo ya zamani. Angalia mabango ya Euro 2024, iliyochezwa Ujerumani penyewe, nyumbani kwa Volkswagen, Mercedes na BMW. Kampuni ya magari iliyokuwa mshirika wa mashindano yale ilikuwa BYD ya China. Kwenye Euro iliyotangulia nafasi hiyo ilikuwa ya Volkswagen. Desemba 2024 Volkswagen wakakubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza zaidi ya ajira 35,000 Ujerumani hadi 2030, na Golf, gari lililolisha mji wa Wolfsburg kwa miongo, likapangiwa kuhamia Puebla, Mexico. Dizeli si sababu pekee. Soko la China limebana, magari ya umeme yamekuja na ushindani mwingine. Ila kampuni iliingia kwenye vita hiyo ikiwa imeshalipa mabilioni ya kosa lake yenyewe.

Sisi timu za viwanda tunazijua. Mtibwa Sugar walichukua ubingwa wa Bara 1999 na 2000 mfululizo, wakitokea mashamba ya miwa ya Morogoro. Kagera Sugar wapo. Mombasa kuna Bandari, timu ya mamlaka ya bandari. Faida yake mchezaji anaijua: mshahara unatoka tarehe inayoeleweka, hakuna mwenyekiti wa kukimbia na mapato ya mlangoni. Hatari yake ni kwamba shabiki wa Turiani hana njia ya kujua hesabu za kiwanda zinasemaje, kama ambavyo mshonaji viti wa Wolfsburg hakuwa na njia ya kujua boksi ya injini inafanya nini. Anaona timu inasajili, anashangilia.

Ujerumani walijaribu kuliwekea hilo kinga. Kanuni yao ya 50+1 inasema wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi, tajiri asiwe na sauti ya mwisho. Wolfsburg na Bayer Leverkusen, timu ya kampuni ya dawa, wamekuwa wakiruhusiwa kuishi nje ya kanuni hiyo kwa sababu ya historia yao na viwanda. Juni 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya nchi hiyo, Bundeskartellamt, ilitoa tathmini yake ya awali: msamaha huo hauwezi kuendelea siku zote, ligi itafute utaratibu wa kuzifanya klabu hizo zifuate sheria ya wengine.

Leverkusen wana ubingwa wa 2024 wa kujitetea nao. Wolfsburg wana ubingwa wa 2009, enzi za Grafite na Edin Dzeko, na mwenye timu ambaye mwaka huu na ujao atakuwa anahesabu watu wa kuwapunguza. Wakilazimishwa kuwapa wanachama kura nyingi, itabidi kwanza wajue wanachama hao ni wangapi ambao bado watakuwa na kazi mjini hapo.